Kubadilisha bodi ya fyuzi wakati wa ukarabati: maswali ninayoulizwa na wenye nyumba

Ukarabati ndio wakati nyumba inapokubali kufunguliwa. Ukuta ukishapigwa plasta na kupakwa rangi, hakuna mwenye nyumba atakayekubali uchimbwe tena kwa sababu ya waya. Nafanya kazi ya umeme wa majumbani, zaidi kwenye nyumba za zamani za Dar es Salaam na Tanga, na maswali haya naulizwa karibu kila wiki. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mteja tukiwa tumesimama mbele ya bodi yake.

Nyumba aliijenga mzee, ina fyuzi za waya, na miaka yote haijawahi kutusumbua. Kwa nini niziguse?

Fyuzi ya waya ni kipande cha waya mwembamba kilichofungwa kwa skrubu mbili kwenye kishikio cha kauri au bakelaiti. Tuliurithi mfumo huu kwa Waingereza, ndiyo maana vishikio vina alama za rangi zao: nyeupe ni ampia 5, bluu 15, njano 20, nyekundu 30. Ukiweka waya sahihi, inafanya kazi.

Shida yake ya kwanza ni uvumilivu. Fyuzi ya ampia 15 inaweza kuhitaji umeme unaokaribia mara mbili ya hapo ndipo ikatike, na muda wote huo nyaya za ukutani zinachemka. Shida ya pili ni kubwa zaidi: hakuna kinachomzuia mtu kufunga waya wowote alionao usiku huo umeme ulipokatika. Magomeni nilichomoa kishikio chenye alama nyeupe, cha taa, nikakuta nyuzi sita za shaba zimesokotwa pamoja, zimetolewa kwenye waya wa pasi. Kauri ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na skrubu moja imeungua hata haikushika bisibisi. Fyuzi ile isingekatika kamwe. Ambacho kingekatika ni waya wenyewe, ndani ya dari.

Halafu fikiria mzee alipojenga alikuwa na nini: taa chache, redio, pasi, pengine friji. Leo nyumba hiyohiyo ina kiyoyozi, mashine ya kufulia, hita ya kuogea, birika na pampu ya maji. Nyumba haikubadilika, matumizi ndiyo yaliyobadilika.

Nikiweka breka za kisasa, si nitakuwa nimeshajikinga na kupigwa shoti?

Hapana. Swali hili ndilo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alielewe vizuri kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Breka, yaani swichi ya kwenye bodi inayojikata yenyewe badala ya fyuzi, inalinda waya. Ndani yake mna ukanda wa metali mbili unaojikunja ukipata joto, huo unashughulikia matumizi yaliyozidi. Mna pia koili inayogeuka sumaku kwa ghafla, hiyo inashughulikia shoti ya nyaya kugusana, si ya mtu kupigwa. Vyote viwili vinasubiri umeme mwingi. Breka ya ampia 20 haijali chochote kilicho chini ya ampia 20.

Sasa chukua mtu mwenye mikono yenye maji, ameshika friji ambayo bati lake la nje limepata umeme. Mwilini mwake hupita sehemu ndogo tu ya ampia moja, tuseme 0.15. Kiasi hicho kinatosha kuuvuruga moyo. Kwa breka, hiyo ni sawa na mtu amewasha taa ya wati 35. Haitakatika, na haijaharibika: inafanya kazi yake kama ilivyotengenezwa.

Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, ambacho mafundi tunakiita RCCB. Hicho hupima umeme unaotoka kwenye laini (waya unaoleta umeme) na unaorudi kwenye nyutro (waya unaourudisha). Vikilingana, kinatulia. Tofauti ikifika miliampia 30, yaani ampia 0.03, kinajua kuna umeme unaopita njia isiyo yake, pengine kwenye mwili wa mtu, na kinakata kabla hujamaliza kuvuta mkono.

Nacho kina mipaka yake. RCCB haikati matumizi yakizidi, kwa hiyo haichukui nafasi ya breka. Na mtu akishika laini kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kifaa hicho kinamwona kama taa tu. Ndiyo maana bodi nzuri ina vyote viwili. Mwenye uwezo anaweza kuweka RCBO, ambayo ni breka na RCCB ndani ya kasha moja, kila laini ya nyumba (ya taa, ya soketi, ya jiko) na yake. Faida yake ni kwamba hitilafu ya jikoni haizimi taa za chumbani kwa watoto.

Dukani wananiambia ELCB. Ni kitu kilekile?

Mazoea ya majina tu, mara nyingi wanakupa RCCB. ELCB ya zamani ilipima volti kwenye waya wa ethi, yaani ule unaoushusha ardhini umeme uliovuja, na ethi ikifa, nayo imekufa. Usibishane na muuzaji kuhusu jina, soma kasha. Tafuta 30 mA au 0.03 A. Ukiona 100 au 300, hiyo imetengenezwa kuzuia moto, si kumwokoa mtu.

Fundi anasema ethi ipo. Nitajuaje?

Kwa kipimo. Waya wa kijani ndani ya soketi hauthibitishi kitu mpaka ujue unaishia wapi.

Nyumba nyingi za huku zinategemea nondo yao wenyewe ya ethi iliyopigiliwa ardhini. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ukinzani wa ethi yako ni omu 20, na laini imegusa bati la friji. Gawa volti 230 kwa 20, unapata ampia 11.5. Breka ya soketi ni ya ampia 20. Kwa hiyo friji itakaa na umeme mchana kutwa na breka haitashtuka. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kung'ang'ania RCCB: yenyewe inahitaji ampia 0.03 tu ipite kwenye ethi ili ikate.

Lakini kuna hatari inayoletwa na ukarabati wenyewe, na hii inawanasa watu wengi. Zamani mafundi walipenda kufunga waya wa ethi kwenye bomba la maji la chuma, kwa kuwa bomba lilipita ardhini mita nyingi. Lilikuwa jambo la kueleweka wakati ule. Anakuja fundi bomba, anang'oa mabomba yenye kutu, anaweka ya plastiki. Maji yanatoka safi, kila mtu anafurahi, na nyumba imebaki bila ethi. Hakuna aliyegundua.

Ilala niliitwa na mama mmoja aliyesema mashine ya kufulia "inauma" tangu bafu litengenezwe. Nilipofungua ukuta chini ya sinki nikaikuta klampu ya shaba ya zamani, bado imekumbatia kipande cha bomba chenye urefu wa kiganja, kimekatwa juu na chini, kinaning'inia hewani. Mashine yenyewe haikuwa na kosa lolote. Iliyovuja ni birika la umeme, chumba kingine kabisa. Nyaya zote za ethi za nyumba zilikuwa bado zimeunganika zenyewe kwa zenyewe, ila hazikushuka ardhini. Kwa hiyo birika lilipovuja, umeme ukatembea kwenye waya wa kijani hadi kwenye friji, kwenye mashine, na kwenye pasi ambayo binti alikuwa akiitumia kila asubuhi kabla ya shule.

Kwa hiyo kabla fundi bomba hajakata bomba lolote la chuma, mwite fundi umeme aje atazame. Na hata kama ethi yako haikutegemea bomba, weka nondo mpya. Nondo ya chuma iliyopakwa shaba, mita 1.2 au zaidi, ipigiliwe mahali penye unyevu, na iwe na kishimo chenye mfuniko ili ionekane na ipimike. Kwenye mchanga mkavu, kama maeneo mengi ya pwani, nondo moja huwa haitoshi. Tunaweka mbili au tatu zilizoachana na kuunganishwa. Upepo wa chumvi nao hula klampu, kwa hiyo ifungue na kuikagua mara moja kwa mwaka.

Naweza kubadilisha bodi tu, nyaya za zamani nikaziacha?

Unaweza, endapo nyaya zitafaulu kipimo. Fundi azime umeme, achomoe vifaa vyote, kisha apime kwa mega (kipimo cha uzima wa ganda la waya) ya volti 500 kati ya laini na nyutro, na kati ya hizo na ethi. Laini yoyote inayosoma chini ya megaomu 1 isiunganishwe kwenye bodi mpya mpaka ijulikane ina nini.

Nyaya za plastiki zinaweza kudumu miaka mingi kama hazikuwahi kuchemshwa. Zenye ganda la mpira mweusi, zinazopatikana kwenye nyumba kongwe zaidi, ni habari nyingine. Ukiukunja waya wa namna hiyo, ganda linapasuka na kudondoka kama udongo mkavu. Hizo hazijadiliwi, zitolewe zote.

Angalia pia kama laini za taa na soketi zina waya wa ethi kabisa. Nyumba nyingi za zamani taa zake zina nyaya mbili tu. Ukiweka taa ya chuma kwenye laini kama hiyo, bodi mpya haitakusaidia kama unavyodhani.

Nichukue bodi ya njia ngapi?

Njia ni nafasi ya breka moja. Hesabu laini zako, kisha ongeza njia nne tupu. Kwa nyumba ya vyumba vitatu mimi huwa napanga hivi: taa laini mbili, kila moja waya wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba) na breka ya ampia 6 au 10. Soketi laini mbili au tatu, waya wa 2.5 na breka ya ampia 20. Jiko laini yake, waya wa 6 na breka ya 32. Pampu peke yake. Kila kiyoyozi peke yake. Ukizigawa taa mara mbili, hitilafu moja haiwezi kuiacha nyumba yote gizani.

Hita ya kuogea ya papo hapo ndiyo inayokosewa kuliko vyote. Ikiwa ni ya wati 5,500, gawa kwa 230 unapata karibu ampia 24. Nimeikuta imeungwa kwenye laini ya soketi yenye waya wa 2.5, breka ikakatika, na mtu "akaitibu" kwa kuweka breka ya 32. Sasa breka haikatiki, waya ndio unaoiva. Hita hiyo ipewe laini yake kutoka kwenye bodi, waya wa 4 ukiwa karibu, wa 6 ukiwa mbali, na lazima ipitie kwenye RCCB, maana aliye chini yake amelowa na hana viatu.

Breka huchaguliwa kwa unene wa waya. Breka ikikatika mara kwa mara, punguza mzigo au weka waya mnene zaidi. Usiweke breka kubwa zaidi.

Tumeweka bodi mpya na RCCB inakatika kila saa. Fundi amekosea?

Huenda hakukosea. Huenda kifaa kimeanza kukuambia jambo ambalo fyuzi za zamani hazikuwa na uwezo wa kuliona.

Shusha breka zote, pandisha RCCB, kisha pandisha breka moja moja. Itakapokatika, umeipata laini. Chomoa vifaa vya laini hiyo, urudie kimoja kimoja. Mara nyingi ni kipande cha hita au birika kilichopata ufa, au taa ya nje iliyojaa maji ya mvua. Ikikatika hata breka zote zikiwa chini, shuku nyutro inayogusa ethi mahali fulani, kwa sababu breka za kawaida hukata laini peke yake na kuiacha nyutro imeungwa.

Kosa ambalo kweli ni la fundi ni nyutro ya kuazima. Taa ya ngazi inachukua laini chini na kurudisha nyutro juu, kwa kuwa ilikuwa karibu. Kwenye fyuzi za zamani hilo halikuonekana. Kwenye bodi yenye RCCB mbili, moja inaona umeme umetoka haukurudi, nyingine inaona umerudi usiotoka kwake, na kukatika kunaanza mara tu mtu akibonyeza swichi ya ngazi. Dawa ni kuipa taa hiyo nyutro yake. Ukimsikia fundi anashauri RCCB itolewe "ili isisumbue", tafuta fundi mwingine siku hiyohiyo.

Nani anaruhusiwa kufanya kazi hii, na umeme unazimwa wapi?

Tanzania Bara leseni za ufungaji wa umeme hutolewa na EWURA, kwa madaraja. Mwombe fundi akuonyeshe yake. Kenya wanaotoa ni EPRA. Kazi ya ndani, kuanzia baada ya mita, ni ya mkandarasi wako. Mita ya LUKU, lakiri zake na waya unaotoka nguzoni ni mali ya TANESCO, na Zanzibar ni ya ZECO. Hapo hakuna fundi wa mtaani mwenye ruhusa ya kugusa.

Jambo la kuangalia: kama meni swichi yenyewe inabadilishwa, waya unaoiingia kutoka kwenye mita una umeme hata ukiizima. Kama mita iko juu ya nguzo, waya wote hadi nyumbani una umeme. Shirika ndilo likate, kisha lirudishe. Vishoka, mafundi wasio na leseni, watakwambia wanaweza kufunga hivyohivyo "kwa uangalifu". Usimruhusu mtu afanye hivyo nyumbani kwako, hata akisema amezoea.

Ukitaka kuhama kutoka fezi moja kwenda tatu, omba mapema kabla ya plasta, maana unene wa waya wa kuingilia na ukubwa wa bodi vyote hubadilika.

Bodi ikae wapi?

Mahali pakavu, usawa wa macho ya mtu mzima, penye nafasi ya kusimama. Isiwe bafuni, isiwe juu ya jiko, isiwe nyuma ya kabati. Mwenye nyumba aweze kuifikia gizani bila kusogeza kitu.

Nyaya za zamani ni nyekundu na nyeusi, mpya ni kahawia na bluu. Zinaweza kuungwa pamoja?

Zinaweza, lakini kwa tahadhari kubwa. Kwenye rangi za zamani za Kiingereza, nyekundu ni laini na nyeusi ni nyutro. Kwenye rangi mpya, kahawia ni laini, bluu ni nyutro, na kwenye fezi tatu nyeusi ni fezi. Yaani waya mweusi ndani ya nyumba moja unaweza kuwa nyutro upande huu na laini upande ule. Tunavisha vipande vya mrija wa plastiki wenye rangi mpya kwenye ncha za zamani, na tunabandika onyo kwenye mlango wa bodi. Fundi atakayekuja baada ya miaka kumi hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Nitatambuaje vifaa feki?

Tafuta alama ya TBS, na linganisha uzito: breka halisi ni nzito mkononi kuliko ya kuiga. Waya uangalie kwa macho yako. Kwangua shaba kwa kisu. Ikitokea rangi ya fedha, ni alumini iliyopakwa shaba, uirudishe. Linganisha pia unene na kipande cha waya unaoujua, kwa sababu kuna mizunguko ya waya iliyoandikwa 2.5 ambayo ndani haifiki. Nenda Kariakoo na fundi wako, lakini risiti iandikwe jina lako.

Nina jenereta, na baadaye nataka sola. Nifanye nini sasa?

Acha nafasi ya swichi ya chenji ova (ya kuchagua umeme wa shirika au wa jenereta) kando ya bodi, na zitenge mapema laini utakazotaka ziendelee umeme ukikatika: taa, friji, intaneti. Kamwe usiingize jenereta kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme huo unarudi kwenye mita na kupanda nguzoni, na transfoma inaukuza hadi volti za njia kuu. Kijana wa shirika anayetengeneza laini huko juu anaamini imezimwa.

Katika safari hiyohiyo weka kinga ya mawimbi ya umeme ndani ya bodi. Umeme unaporudi baada ya kukatika ndipo vifaa vingi hufa.

Itanigharimu kiasi gani?

Kasha la bodi ni sehemu ndogo. Kinachopandisha bei ni RCCB, idadi ya laini, na zaidi ya yote kama nyaya zitabadilishwa. Kubadilisha bodi tu, nyaya zikiwa nzima, ni kazi ya siku moja. Kufumua nyaya zote ni kazi ya siku nyingi, pamoja na gharama za plasta. Fedha zikibana, punguza mapambo ya taa. Usiache RCCB wala ethi.

Fundi amemaliza. Nimdai nini kabla sijamlipa?

Kila breka iwe na jina lake kwa Kiswahili kinachosomeka: "Soketi jikoni", "Taa vyumbani". Karatasi ya vipimo vya mega na ethi, yenye tarehe na saini yake, ibaki nyumbani. Mwombe akaze skrubu zote tena mbele yako, kwa sababu skrubu iliyolegea huunguza bodi mpya kwa haraka kuliko kosa jingine lolote.

Kisha wewe mwenyewe, kwa kidole chako, bonyeza kitufe cha T kwenye RCCB. Umeme ukate papo hapo. Usipokata, mwambie abaki mpaka utakapokata. Na kitufe hicho ukibonyeze tena kila baada ya miezi mitatu. Mwonyeshe na binti wa kazi, mwonyeshe na bibi, wajue kilipo na jinsi ya kurudisha.